Pumzi Moja Kabla ya Kengele

Kwa miaka thelathini Mzee Kengele aliiita shule nzima darasani kwa mkono wake. Alipiga kengele mara tatu, akatulia, kisha akapiga ya mwisho. Baada ya ile ya mwisho, lango lilifungwa.

Sasa amestaafu. Kengele ya chuma imepasuka, na shule imeweka kompyuta inayolia king'ora. Mzee akikisikia huziba masikio. Anaikumbuka kengele yake.

Binti yake alisoma hapo, na sasa ni mwalimu wa kompyuta hapo hapo. Jumamosi moja alimwita.

"Baba, sauti ya kengele yako niliirekodi kabla haijapasuka. Mkuu wa shule anasema tukiandika programu yake kabla ya Jumatatu, king'ora kinaondoka. Tukishindwa, kinabaki."

"Programu ndiyo nini, mama?"

"Ni amri zilizopangwa. Kompyuta inazifuata moja moja, kutoka juu kwenda chini. Lugha hii ya kompyuta hata mimi ni mgeni nayo. Tuanze na kitu kidogo. Iamuru ionyeshe salamu."

Mzee aliandika kwa kidole kimoja, jasho likimtoka. Kompyuta ikakataa.

"Imenikasirikia?"

"Hapana. Inasema kosa liko mstari wa kwanza. Soma, rekebisha, jaribu tena."

Alirekebisha. Kwenye skrini likatokea neno: Shikamoo.

"Marahaba!" mzee akajibu. Wakacheka sana.

Kisha akaandika amri nne: piga, piga, piga, piga. Kengele zikalia zote mfululizo.

"Hiyo si yangu," alisema, akanywea.

"Baada ya tatu ulikuwa unafanya nini?"

"Sikufanya kitu. Nilivuta pumzi tu."

"Kompyuta haivuti pumzi, baba. Usipoiambia isubiri, haisubiri."

Mzee alifumba macho, akainua mkono kana kwamba ameshika kamba, akavuta pumzi. Binti akahesabu sekunde nne. Mzee akaongeza mstari mwenyewe: subiri sekunde nne. Wakajaribu.

Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo.

Jumatatu asubuhi mzee alisimama langoni na binti yake. Kengele ikalia, watoto wakatimua mbio.

"Lakini sekunde nne ni nyingi kwa pumzi moja," binti alimtania.

"Nilikuwa nakungoja wewe uvuke lango," alisema mzee. "Kila siku ulichelewa."

Binti alifuta machozi kwa kiganja. Kisha akakimbilia darasani, maana alikuwa amechelewa tena.