Mume Wangu Aliiba Sauti ya Gitaa Langu, Akaniambia Nimekuwa Kiziwi

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Sina mume, sina mtoto, na kwa sasa nakaa chumba cha uani nyumbani kwa kaka yangu, Ganjoni. Ukinikuta sokoni hutanijua. Lakini kama uliwahi kwenda harusi hapa kisiwani, ukamwona mwanamke amesimama jukwaani na gitaa la umeme la rangi ya damu ya mzee, ukasema moyoni huyu dada anajua… basi ulikuwa ukinitazama mimi, Dama.

Wasomaji wenzangu, sitaki mnihurumie. Nataka mnisikilize tu, kwa sababu kwa muda mrefu hakuna aliyenisikiliza… hata mimi mwenyewe!

Gitaa lile niliachiwa na marehemu baba. Alitoka Rabai, mchana akifanya kazi bandarini, jioni akipiga muziki kwenye bendi. Alilinunua likiwa kuukuu, na sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza. Akaamua kulibadilisha pikapu.

Asiyejua gitaa la umeme ngoja nimweleze. Chini ya nyuzi hukaa vidude viwili vyenye sumaku, vimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Hizo ndizo pikapu. Ndizo zinazochukua mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Ukizing'oa ukatia nyingine, gitaa kwa macho ni lile lile, lakini sauti inakuwa ya gitaa jingine kabisa.

Baba alizisuka za kwake mwenyewe. Nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka. Alikifunga kile kidude kwenye gurudumu la cherehani ya mkono ya mama, akaniambia nizungushe polepole, naye akauongoza waya kwa vidole viwili. Waya ukikatika tulianza upya. Mama alilalamika juu ya cherehani yake, baba akacheka tu. Halafu akayeyusha mishumaa kwenye sufuria, akazitumbukiza humo ili zisipige kelele zikiwashwa. Siku alipozifunga akapiga… jamani! Sauti nene, tamu, na ukali kidogo kwenye ule uzi mnene, kama mtu anayeimba huku kilio kimemkaba kooni. Bendi ilipata jina kwa sauti ile. Baba alipofariki nikarithi gitaa, nikarithi na nafasi yake jukwaani.

Hapo ndipo Karisa alinikuta. Alikuwa fundi wa vyombo vya muziki, ana kibanda Mji wa Kale, kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya viungo, na ndiye aliyekuwa akifunga spika za bendi yetu. Mpole, msikivu, mikono safi. Tulioana kanisani, Makupa. Gitaa likipata hitilafu yeye ndiye aliyelifungua, mimi nilikuwa napiga tu. Kwani mwenye mume fundi ana haja gani ya kushika bisibisi?

Na Kadzo… Kadzo ni mtoto wa mama yangu mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama. Nilimpenda kama tumbo moja. Nilimfundisha gitaa mimi mwenyewe, sebuleni kwangu, nikamshika vidole kimoja kimoja nikimwonyesha pa kubonyeza. Alikuwa na uso mzuri na sauti nzuri ya kuimba, lakini gitaa alilipiga bila chumvi. Karisa akawa anasema, "Huyu mtoto akipata chombo kizuri atafika mbali." Mimi nikaitikia! Nikafurahi kwamba mume wangu anawapenda watu wa kwetu!

Basi mwaka ule nikashikwa na malaria mbaya. Nikalazwa, nikatundikiwa dripu za kwinini, masikio yakawa yanalia kama yamejaa nyenje. Daktari akanieleza kwamba ni dawa, na kwamba kelele zile zitaondoka. Mama mdogo alikuja kila siku na uji. Karisa pia alikuja, akakaa kitandani, akanishika mkono. Ningejua ulikotoka mkono ule!

Nikaruhusiwa kurudi nyumbani. Kelele masikioni zilikuwa zimekwisha kabisa. Kitu cha kwanza nilichokifanya, hata kabla ya kuoga, nilichukua gitaa nikalichomeka.

Nikapiga… Nikapiga tena.

Sauti ile haikuwepo! Ilitoka nyembamba, baridi, kama mtu anayegonga kijiko kwenye bati. Nikazungusha vitufe, nikabadilisha waya, hakuna kitu.

"Karisa, gitaa lina nini?"

Akaja, akalichukua, akapiga kidogo. Akanitazama kwa huruma. Ile huruma yake sitaisahau mpaka nazikwa.

"Gitaa halina kitu, mke wangu. Liko vile vile. Labda ni ile dawa… Daktari alikwambia kuhusu masikio, sivyo?"

"Alisema yatapona."

"Madaktari husema hivyo kwa kila mtu."

Nililia siku nzima. Nikatazama pikapu: vifuniko vyake ni vile vile vya zamani, vilivyochujuka, kimoja kina herufi za jina la baba alizozikwaruza kwa msumari. Kwa hiyo nikaamini. Macho yangu yaliona vitu vya baba, masikio yangu yakasikia vingine… nikaona mbovu ni masikio!

Nilikwenda kupimwa. Muuguzi akanivalisha vile vidude vya masikioni, akapima, akaniambia nasikia vizuri kabisa. Nikarudi mbio kumweleza Karisa. Akacheka kidogo.

"Wale wanapima kama wasikia mlango ukibishwa, Dama. Hawapimi muziki."

Akaanza kunipigisha wimbo mmoja tena na tena, mbele ya Kadzo, halafu anatikisa kichwa. "Wapiga kama mtu aliyevaa glavu." "Baba yako angekuwa hai angeona haya." Na Kadzo ameinamisha kichwa, ananiambia, "Pole, dada." Pole, dada! Kumbe alijua kila kitu!

Wanabendi nao wakaanza kunitazama vibaya. Sauti waliisikia imekufa, lakini Karisa alikuwa ameshawanong'oneza kwamba ugonjwa umenimaliza na wasiniambie, nitaumia. Mimi kwa woga nikawa nakosea kweli. Vidole vikawa vizito. Kwenye harusi moja mama wa bwana harusi alimtuma mtu mpaka jukwaani, wimbo haujaisha, akaniambia kwa sauti watu wakisikia, "Bibi, mama anaomba upumzike. Muziki unawaumiza watu kichwa."

Wageni wakacheka. Nikashuka…

Kiongozi wa bendi akasema Kadzo ashike nafasi yangu, kwa muda tu. Na nani aliyemwazima viatu vyake? Nani aliyemvalisha, akamfunga mkanda wa gitaa begani, akamwombea? Mimi! Karisa alikuwa amemuundia gitaa jeusi. Akaniambia nisije kwenye maonyesho, makelele ya spika yatamaliza hata kile kidogo kilichobaki cha masikio yangu. Nikatii. Wakiondoka wote wawili wamebeba vyombo, mimi nabaki nimeziba masikio kwa pamba. Pamba, wenzangu! Nilijiziba mwenyewe!

Hivyo nilikaa karibu mwaka mzima.

Siku moja mwenzangu wa kanisani alikuwa anamwoza binti yake kwenye ukumbi mmoja wa Tononoka, akaniomba nikasaidie kupika. Bendi gani imeitwa sikuuliza, mambo ya muziki nilikuwa sitaki tena kuyasikia. Adhuhuri tuko nyuma ya ukumbi, natia mwiko kwenye sufuria la pilau, na muziki ukaanza ndani.

Mwiko ulinitoka mkononi.

Ilikuwa ni baba! Ile sauti nene, tamu, na ule ukali kwenye uzi mnene… Kwanza nilidhani nimerukwa na akili. Nikamshika mama aliyekuwa karibu nami.

"Wasikia? Wasikia gitaa hilo?"

"Nasikia, mbona? Wewe husikii?"

"Nasikia," nikamwambia. "Nasikia vizuri!"

Nikaenda mpaka mlangoni na aproni yangu ya jikoni. Kadzo yuko jukwaani, amevaa viatu vyangu, anapiga lile gitaa jeusi. Na Karisa yuko kwenye mitambo, anamtazama kama ambavyo hajawahi kunitazama hata siku ya ndoa yetu.

Sikupiga kelele. Nilitembea mpaka nyumbani, nikatafuta bisibisi kwenye mikoba yake, nikalilaza gitaa la baba kitandani. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikalifungua. Nikaondoa vile vifuniko vya zamani. Ndani yake… plastiki nyeupe, mpya, safi, pikapu za kiwandani za bei ya chini kabisa. Nta hamna. Waya wa baba haumo. Alizing'oa nikiwa kitandani hospitali, akavirudisha vifuniko vyenye jina la baba juu ya takataka, kusudi nione vile vile!

Mwenye moyo wa namna hiyo ni mtu gani?

Asubuhi yake nilikwenda Mji wa Kale. Nilimkuta kibandani, na Kadzo amekaa kwenye kigoda changu anakunywa chai. Nikaziweka zile pikapu nyeupe mezani. Kadzo akaanza kulia. Karisa hakushtuka hata kidogo.

"Nilidhani utajua mapema zaidi," akasema. "Mpiga gitaa gani hajui kilichomo ndani ya gitaa lake?"

"Kwa nini, Karisa? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Lakini nafasi ni moja, na huyu ndiye ninayemtaka. Watu hawakuja kukusikiliza wewe, Dama. Walikuja kusikiliza pikapu za mzee wako. Mtie mtu yeyote pale, watashangilia tu. Si umeona?"

Maneno hayo niliyasikia vizuri kuliko nilivyowahi kusikia kitu chochote…

Nikamwambia anipe mali ya baba yangu, la sivyo naenda kwa kiongozi wa bendi sasa hivi, na kwa mchungaji, na polisi. Nilikuwa napaza sauti. Watu wa kichochoroni wakaanza kujaa mlangoni. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

Alilichukua gitaa jeusi, akakata nyuzi zote kwa koleo, akafungua skrubu, akazitoa pikapu. Nikaona nta ya baba kwa macho yangu, ya manjano, na nywele mbili tatu zimenasa humo tangu zamani. Nikanyoosha mikono nizipokee. Karisa akachukua kisu, akaichokoa nta, akaishika ncha ya waya… akavuta.

"Wataka sauti ya baba yako? Haya, chukua!"

Akavuta, akavuta! Waya ukawa unatoka kama uzi kwenye fulana, unakatika, anatafuta ncha nyingine, anavuta tena. Nilimrukia, akanisukuma kwa kiwiko nikaanguka kwenye maspika. Kadzo akapiga ukelele. Nikadhani amenionea huruma. Mnajua alisema nini?

"Karisa, acha! Sasa Jumamosi nitapigia nini?"

Alipomaliza zote mbili alinitupia mapajani fundo la shaba, mithili ya nywele zilizotoka kwenye kitana. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Hakuna aliyeingia.

Nilikwenda kwa mama mdogo, Makupa, nimelishika fundo lile, nikidhani nitapata bega la kulilia. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua mchele.

"Mwanamke mwenye akili haachi nyumba yake kwa sababu ya waya," akasema. Kisha akaongeza, "Kadzo ana mimba, mwanangu. Ungetaka nifanye nini?"

Nikambana, akakiri alijua tangu nilipokuwa hospitali. Aliniletea uji, akininywesha kwa kijiko, naye anajua!

Kaka yangu ndiye aliyenichukua. Ndoa imekwisha. Kadzo anakaa kwenye nyumba niliyoipaka rangi mimi, na mtoto wao ameshaanza kutembea. Kiongozi wa bendi nilimweleza yote. Akasema amesikitika, lakini mambo ya mume na mke hayaingilii.

Miezi michache iliyopita mama mdogo alikuja mpaka kwa kaka. Alikuwa amebeba maembe. Alizunguka zunguka, mwishowe akasema bendi haiitwi tena, watu wanauliza ile sauti iko wapi, na Karisa amejaribu kila pikapu inayouzwa hapa mjini, ameshindwa. "Wewe ulikuwa ukimsaidia baba yako kuzisuka, nakumbuka. Alitumia waya gani? Alizungusha vipi? Mwambie tu, Dama. Wale ni watu wako, na mtoto hana makosa."

Nilimwambia sijui.

Najua. Najua waya, najua mizunguko, najua hata mahali alipolegeza vidole. Nimesali sana juu ya jambo hili na bado jibu langu ni lile lile. Kama ni dhambi, Mungu atanihukumu kwa hiyo.

Dada zangu, na nyinyi kaka zangu pia. Mtu akikwambia umeharibika, akili yako, mwili wako, masikio yako, usikubali kabla hujajiuliza yeye atapata nini ukiharibika. Niliambiwa na mpimaji kwamba nasikia, nikamwamini mume. Niliambiwa na masikio yangu mwenyewe, nikayaziba kwa pamba. Chombo kinachokulisha kifungue, ukijue mpaka ndani, hata kama fundi ni mtu mnayelala naye kitanda kimoja… na hasa kama ni yeye!

Mimi nilichelewa. Nawasihi, ninyi msichelewe.