Ruhusa ya Lorna

Jumanne moja ya mwaka 1999 niliingia Kisii mjini kumpelekea mpwa wangu Kemuma chakula cha mchana. Kazi nilimtafutia mwenyewe. Nimezunguka hadi Muscat na Liverpool, nikarudi na kitambi na akili ileile. Basi nilipoona Wazungu wamekodi orofa juu ya duka la Jitendra, nikadhani ni maendeleo.

Maendeleo gani. Wasichana kumi na wawili, vipokea sauti masikioni, wakipokea simu za Uingereza na kuomba radhi kwa majiko mabovu wasiyoyauza wao. Chooni dakika nne. Ekegusii, lugha yetu, marufuku. Kila mmoja na jina la Kizungu kwenye kadi. Kemuma alipewa Heather, kadi iliyokuwa ya Lorna, msichana wa Ekerenyo, aliyefia kwa malaria kwenye kiti hichohicho alichokalia Kemuma, baada ya msimamizi kumnyima ruhusa ya kwenda nyumbani. Kwetu jina la marehemu hupewa mtoto mchanga wa ukoo wake. Msimamizi, Obadiah, mzee wa kanisa mzima, alilijua hilo. Lakini kadi mpya ni gharama.

Nilimkuta Kemuma ametoa macho.

"Mjomba," alinong'ona, "huyu mteja anaongea Ekegusii."

"Anataka nini?"

"Ruhusa aende nyumbani. Ni Lorna. Na mimi siwezi kusimama."

Nilimvuta mkono. Ulikuwa wa baridi, mzito kama gunia la majani ya chai lililonyeshewa. Miguu haikusogea.

Nikamgeukia msimamizi. "Bwana Obadiah, mwandikie Lorna ruhusa."

"Nani atakaa nafasi yake?" akacheka. "Nyinyi hata mkifa ni wavivu."

Nikachukua fomu ya ruhusa mezani kwake, nikaandika: Lorna, kwenda nyumbani. Penye jina la mbadala nikaacha wazi. Akagonga muhuri ili nimwondokee.

Kemuma akasimama. Akavua vipokea sauti, akaviacha mezani.

Simu ikalia. Mara moja. Mara mbili. Kwa sheria yao, ya tatu ni kosa. Obadiah akajitupa kwenye kiti cha Kemuma, akavaa vipokea sauti.

"Heather hapa," alisema.

Akajaribu kuinuka.

Akajaribu tena.

Nilimshika Kemuma tukashuka ngazi. Huko chini nikaikunjua fomu. Penye mbadala palikuwa pameandikwa Obadiah, kwa mwandiko wa kike uliolala upande, usio wa Kemuma. Nilipogusa, wino ulinipaka kidole.