Kadi Kumi na Mbili na Yai Moja

Ukipita mtaa wetu wa Isevya, hapa Tabora, siku ya Jumamosi, baada ya kazi za kufua, utanikuta nimekaa mkekani barazani kwetu, mkasi mkononi, karatasi za manila zimenizunguka. Nisalimie kisha upite, kwa sababu nikishika mkasi sipendi kusemeshwa. Naitwa Josepha Raymundi, nina miaka kumi na miwili, nipo darasa la sita, na kazi yangu ni kadi. Sijisifu, mwulize yeyote pale mtaani. Kadi za Krismasi, za Idi, za mahafali, hata ile ya kumpa pole mwalimu wetu alipovunjika mguu, zote zilitoka kwenye mkeka huo.

Uzuri wa kadi zangu ni majani. Babu yangu anafuga nyuki Sikonge, na huko, kabla mvua hazijaanza, miti ya miombo hutoa majani machanga mekundu kama shaba. Babu akija mjini kutuletea asali, huniletea na mfuko wa majani hayo. Nayapanga katikati ya magazeti, nayalaza chini ya godoro langu, na baada ya wiki moja yamekauka, yamenyooka, na rangi yake ipo palepale. Gundi sinunui. Nakoroga unga wa muhogo na maji, napika mpaka uvute. Mama yangu hunitania kwamba iko siku nitamwandalia mgeni gundi badala ya uji.

Mama ndiye aliyenifundisha pia kuoka biskuti kwenye sufuria, makaa chini, makaa mengine juu ya mfuniko. Kwa hiyo mtu akitaka kadi na kitu cha kutafuna sikukuu, anakuja kwangu.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, alikuja Nidhi. Nidhi ni rafiki yangu tangu tulipokuwa chekechea. Baba yake ana duka la vitambaa karibu na soko, na nyumba yao iko nyuma ya duka.

"Bibi anakuita," akasema. "Ana kazi, na mimi nimeshamwambia ni wewe tu unayeiweza."

Tukaenda. Bibi yake, Bibi Rashmi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mikono ameilaza mapajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Josepha. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa vimevimba kwenye viungo, havikunjuki vizuri. "Miaka yote biskuti za Diwali nazioka mwenyewe," akasema. "Mwaka huu vidole vimegoma. Nataka uniokee wewe, na unitengenezee kadi kumi na mbili. Nina nyumba kumi na mbili za kupelekea, kila nyumba pakiti na kadi yake. Lakini kabla mtu hajala, sahani moja tunaiweka kwanza mbele ya Mungu, kwenye chumba chetu cha sala."

"Sawa, Bibi."

"Sharti ni moja. Nyumba hii hatuli yai. Mimi tangu nizaliwe hapahapa Tabora, yai halijagusa mdomo wangu. Na wengi ninaowapelekea hawali pia. Kwa hiyo ndani ya kila kadi uandike, kwa huo mwandiko wako mzuri: Biskuti hizi hazina yai."

"Usiwe na wasiwasi, Bibi," nikajibu.

Sikumwuliza biskuti zisizo na yai zinaokwaje. Mimi nikaulize? Biskuti za mama zina yai moja tu. Nilidhani ukiliacha hilo yai, mambo yamekwisha. Bibi Rashmi akanipa unga, sukari, samli na iliki, nikaondoka kifua mbele.

Kadi zilinichukua siku nne. Nilibandika majani mekundu yakawa taa ndogo za mafuta kama zile wanazowasha usiku wa Diwali, na miali nikaichora kwa rangi ya njano. Ndani nikaandika yale maneno, kadi kumi na mbili, herufi zimesimama vizuri kuliko za ubaoni. Mama alizitazama moja moja. "Hizi umezifanya kwa moyo," akasema. Nikalala nikiwa nimeridhika kabisa.

Biskuti nilipanga kuzioka Jumamosi, kwa sababu Diwali ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, baba yuko kazini. Nikayeyusha samli ikawa kama maji, nikamimina kwenye unga na sukari, nikakanda, nikaoka. Nilipofunua mfuniko, biskuti zilikuwa zimelala kama uji uliomwagika. Nikaigusa moja kwa kijiko, ikasambaratika.

Nikasema moto ulizidi. Nikapunguza makaa, nikaoka za pili. Hizo zilisimama kidogo, lakini ukiinua biskuti unabaki na vumbi la iliki mkononi. Jua lilikuwa linakwenda na unga uliobaki ulitosha mara moja tu. Maji yalikuwa yamezidi unga kweli. Ningeweza kukimbia kwa Nidhi nikamwambia Bibi Rashmi kwamba kazi imenishinda. Lakini mimi, Josepha wa kadi, nikaseme imenishinda? Niliona aibu hata kuliwaza jambo hilo.

Hapo ndipo kuku wetu alipoanza kutetea nyuma ya jiko, kutangaza kwamba ametaga.

Nilikwenda kuliangalia lile yai. Lilikuwa bado lina joto. Nikajiambia, yai moja ndani ya biskuti zote hizi ni nini? Nani ataliona? Nikalipasua kwenye bakuli, nikalikoroga haraka, nikalitia. Maganda nikayafukia kwenye majivu, ingawa hakuna mtu aliyekuwa ananitazama.

Biskuti za safari hiyo zilitoka nzuri. Zilisimama, zilishikana, zilinukia mpaka mtaani. Mama aliporudi akaita tangu mlangoni, "Josepha, leo umetushinda wote." Siku nyingine ningecheka na kujibu. Siku hiyo niliitikia "Ahsante, Mama" nikaendelea kufunga pakiti.

Asubuhi, tulipotoka misa ya kwanza, nikabeba kikapu mpaka kwa kina Nidhi. Mlangoni walikuwa wamechora maua kwa unga wa rangi, na duka limefungwa. Nidhi alikuwa amevaa nguo mpya ya kijani. Akanipokea kikapu, akapanga biskuti kwenye sahani ya shaba. Bibi Rashmi alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Akachukua kadi moja, akaifungua, akasoma kwa sauti: "Biskuti hizi hazina yai." Akatabasamu.

"Unajua, Josepha," akasema, "mwanangu alitaka tuagize kwa watu wetu wa Dar es Salaam. Alisema mtoto atasahau. Nidhi akamjibu, Josepha akisema hakuna, basi hakuna."

Nilitamani sakafu inimeze. Nidhi akavua viatu, akainua ile sahani kwa mikono miwili, akaelekea chumba cha sala. Mlango ulikuwa wazi, taa imeshawashwa. Alikuwa amebakiza hatua tatu. Nikajua kwamba nikinyamaza sasa hivi nimepona, hakuna atakayejua milele. Nikajua pia kwamba Bibi Rashmi atakula yai, kwa ajili yangu, baada ya miaka yake yote.

"Nidhi, subiri," nikasema. "Usiziweke huko."

Nidhi akasimama. Bibi Rashmi akanigeukia. "Kuna nini, mwanangu?"

"Zina yai, Bibi."

Nikaona bora niseme yote. "Yai moja. Kadi niliziandika kwanza. Halafu biskuti zikanishinda, zikawa zinavunjika, nikaona aibu kuja kusema. Nikalitia. Nisamehe, Bibi." Na machozi yakaja, hata sikuyafuta.

Nidhi aliirudisha sahani mezani polepole. Hakunitazama. "Ungeniambia jana," akasema. "Ningekuja, tungefikiri pamoja."

Bibi Rashmi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliigeuzageuza ile kadi, akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Wageni wa kwanza wanafika saa kumi na moja," akasema mwishowe. "Nawa mikono, Josepha. Nawa mpaka kwenye viwiko. Hizi ulizoleta utarudi nazo kwenu. Sasa niambie, samli uliitiaje?"

"Niliiyeyusha, Bibi. Nikaimimina."

"Basi ndiyo maana. Ulikuwa na haraka." Akamwagiza Nidhi alete sinia pana, samli na sukari ya kusaga. "Samli hii hatuiyeyushi. Iweke kwenye sinia ikiwa imeganda, tia sukari, halafu isugue kwa kiganja. Usitie unga mpaka nikuambie."

Nikasugua. Baada ya muda nikauliza kama imetosha. "Bado," akasema Bibi. Nikasugua tena. Mkono ukaanza kuuma mpaka begani. "Bado." Nidhi, aliyekuwa amenuna pembeni, akavuta kigoda, akaja kukaa upande wa pili wa sinia. "Sogea," akasema, "utamwaga," akaanza kusugua na yeye. Nilimshukuru moyoni.

Samli ikageuka, ikawa nyeupe na laini kama mafuta ya kujipaka. "Haya, unga sasa," akasema Bibi Rashmi. "Hiyo kazi mliyoifanya kwa kiganja ndiyo inayoshika biskuti. Yai lako halikuhitajika, Josepha. Ulihitaji kuuliza tu."

Tukaoka kwenye jiko lao la gesi. Zilipopoa, nikainua moja kwa vidole viwili. Ilisimama. Nikaidondosha kidogo mezani, ikabaki nzima. Juu ya kila moja tukapaka tone la asali ya babu niliyokuwa nimeileta kwenye chupa ndogo.

Sahani mpya ikaenda chumba cha sala, Nidhi akaibeba mwenyewe. Aliporudi, nikamwuliza Bibi tutazifanyaje zile kadi, maana niliziona zimechafuka kwa uongo wangu.

"Kadi hazina kosa," akajibu. "Maneno yako yalitangulia, ukweli ulibaki nyuma. Leo ukweli umeyafikia. Ila kuna kitu ulikisahau." Akanipa kalamu. "Maneno haya hayana mwenyewe. Andika jina lako chini yake, kadi zote."

Kadi ya kwanza kalamu ilinigomea. Kuandika "hazina yai" ni rahisi, lakini kuweka jina lako chini yake ni kazi nyingine. Nikaikumbuka ile samli, nikaukumbuka mkono ulivyouma, nikaandika: Josepha Raymundi. Zile kumi na moja zilizobaki niliziandika bila kusita.

Saa kumi na moja wageni wakaanza kufika. Alikuwamo mzee mmoja mkali wa macho, Mzee Jignesh, ambaye Nidhi aliniambia hali kitu chochote asichokijua kimepikwa wapi. Akapewa pakiti ya nyumba yao, akafungua kadi, akaisogeza mbali na uso, akasoma.

"Josepha Raymundi ndiye nani?" akauliza.

Bibi Rashmi alikuwa karibu yake. Angeweza kunijibia. Akaninyooshea kidole na kusema, "Mpishi yule pale. Muulize mwenyewe."

"Ni mimi, Babu. Shikamoo."

"Marahaba. Na hazina yai?"

"Za asubuhi zilikuwa nalo," nikasema. "Hizi hazina."

Mzee Jignesh akanitazama, akamtazama Bibi Rashmi, akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. Kisha akachukua biskuti mbili.

Nilipokuwa naaga, nikiwa na kikapu changu chenye zile biskuti za yai, Bibi Rashmi alinisindikiza mpaka mlangoni, pale penye maua ya unga.

"Josepha," akasema, "mlaji hawezi kuona kilichomo ndani ya biskuti. Anaona kwa kinywa cha aliyepika. Mpishi akidanganya, amempofusha mwenzake, hata kama biskuti ni tamu. Kazi ikikushinda, sema, utafundishwa. Hakuna aliyezaliwa anajua. Na ukishakosa, sema kabla mtu hajatia kitu mdomoni, kama ulivyofanya leo. Ndiyo maana mwakani nitakuagiza wewe tena."

Nyumbani nilimsimulia mama kila kitu, kuanzia kuku mpaka fimbo ya Mzee Jignesh. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua biskuti moja kikapuni. Kabla hajaiuma akaniangalia.

"Hii ina nini?"

"Unga, sukari, samli, iliki," nikasema, "na yai moja."

"Haya," akasema mama, akaila.