Sura ya Pili Ukutani

Haya yalimkuta mama mkubwa, dada wa tumbo moja na marehemu mama yangu. Sikusimuliwa. Nilikuwa pale, na asiyetaka kuamini namwachia hiari yake.

Mama mkubwa ni mchoraji wa mabango. Saluni, gereji, duka la dawa, karibu nusu ya maandishi ya mtaani kwetu ni kazi ya mkono wake. Asubuhi moja alikuwa mlangoni anaosha brashi kwa mafuta ya taa, akamwona mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa Chiriku anakuja.

Chiriku alikuwa mwimbaji wa kike. Alipendwa hadi vinyozi walikuwa wakizima mashine redio ikimpiga. Gari la bendi lilipopinduka akafa, watu walilia barabarani. Mle garini alikufa pia mwitikiaji wake, aliyempokea katika kila wimbo tangu wanaanza. Huyo ndiye mama yangu. Yeye tulimlilia sisi.

Mwenyekiti alitaka Chiriku achorwe kwenye ukuta wa nje wa ukumbi aliokuwa akiimbia, ambao sasa umefungwa, ili siku ya kumkumbuka watu wapate pa kuweka maua.

"Nitamchora," mama mkubwa akasema. "Na mdogo wangu pembeni yake."

"Dada, watu watauliza huyu ni nani."

"Wakiuliza watajibiwa."

Akaanza na Chiriku, na alimtendea haki: shingo ndefu, mwanya, macho ya kucheka. Kisha akamchora mama. Mimi ni fundi cherehani. Mchana nilifunga kibanda nikampelekea chakula, nikamkuta mama ukutani. Mama mkubwa akageuza ndoo, akanisogezea. "Kaa mtazamane," akasema.

Kesho yake sura ya mama haikuwepo.

Haikufutwa. Kilichofutwa huacha alama. Pale palikuwa peupe, pakavu, kama hapajawahi kuguswa na brashi. Chiriku alikuwa mzima, ila alikuwa amesogea. Amesimama katikati.

Mwenyekiti aliapa kwamba si yeye. Mlinzi wa ukumbi alisema hakuona mtu. Mama mkubwa akachora tena, ikapotea tena. Alipoanza mara ya tatu, mkono wake wa kulia ulikufa ganzi kuanzia begani, ukaning'inia kama kitambaa kilicholowa.

"Mama, tuache," nikamwambia. "Tutamkumbuka nyumbani."

"Nyumbani tumemkumbuka miaka yote hii. Kufichwa kumetosha."

Akahamishia brashi mkono wa kushoto.

Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi. Ndani ya ukumbi mtu akaanza kuimba. Nikalitazama kufuli la mlangoni. Limefungwa, limeota kutu. Sauti ilikuwa ya Chiriku, wimbo niliokua nao. Akaimba ubeti, akafika mahali pa kupokelewa, akanyamaza. Hakuna aliyempokea. Akarudia. Akanyamaza.

Barabarani watu walipita na mizigo yao. Hakuna aliyegeuka.

Kisha ukuta ukanong'ona.

"Wangu."

Midomo iliyochorwa haikutikisika. Sauti ilitoka kwenye chokaa yenyewe.

"Ukuta wangu. Wanakuja kwa ajili yangu."

Mama mkubwa alikuwa juu ya ngazi yake. Hakushuka.

"Nilikulilia," akajibu kwa sauti ya chini, kama anayesema na jirani mgomvi. "Nilikupenda, na kanda zako zote ninazo. Lakini siku ulipokauka sauti jukwaani, nani aliimba nyuma ya pazia, wewe ukafumbua mdomo tu?"

Akachovya brashi.

"Mdogo wangu. Na jina lake hukulitaja hata siku moja. Mimi nitalitaja."

Kitu kikapiga ukuta kutoka ndani. Chokaa ikadondoka. Kikapiga tena. Ngazi ikayumba, nikaikumbatia. Baridi ilitoka ukutani katikati ya jua lile, ikaniingia mpaka kwenye meno.

"Chora, mama," nikasema. Sijui ujasiri niliutoa wapi.

Akachora. Jicho. Jicho la pili. Pua. Wimbo ukaanza upya, karibu zaidi, umejaa hasira, ukafika mahali pale pa kupokelewa, ukanyamaza. Mama mkubwa akapokea. Sauti hana, mama mkubwa. Akiimba kuku hukimbia. Akaimba hivyo hivyo. Nami nikaingia. Tuliimba sehemu ya mama yote, wapita njia wakitushangaa, mpaka mdomo wake ukakamilika ukutani.

Vishindo vikakoma.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwepo. Yupo mpaka leo. Siku ya kumbukumbu umati ulikuja na maua, na wengi waliuliza huyu wa pili ni nani. Mama mkubwa, mkono wa kulia bado mzito, akawatajia jina lake mmoja mmoja, bila kuchoka. Mwenyekiti mwenyewe alichomoa maua kwenye shada lake, akamwekea mama.

Watu walipotawanyika, mlinzi alituita kwa kichwa. Alikuwa amefungua ukumbi afagie. Kwa ndani, nyuma kabisa ya zile sura mbili, chokaa ilikuwa imechimbwa kwa vidole, mistari mirefu, kutoka usawa wa bega hadi sakafuni. Kwenye mstari mmoja kulikuwa kumenasa ukucha wa mwanamke, umepakwa rangi nyekundu. Niliugusa. Rangi ilikuwa mbichi.

Mama mkubwa aliuinamia.

"Siku ya ile safari ya mwisho," akaninong'oneza, "Chiriku na mama yako wote wawili walipaka nyekundu."

Kisha akamgeukia mlinzi. "Funga mlango."