Mistari Iliyofutwa

Walikutana kwenye foleni ya benki, msichana kavaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, mwanamume kajifunika koti zito lililofika magotini.

"Kaka, koti hilo na joto hili?"

"Nimeshuka mlimani sasa hivi, dada. Kule mate yanaganda."

Kumbe mwajiri wao mmoja. Mwanamume alikuwa fundi wa darubini kule juu, ile inayonasa joto hafifu lililobaki tangu ulimwengu uanze. Msichana alikaa mjini, akipima kila siku kama darubini inafanya kazi vizuri.

Penzi likanogea kwenye simu. Mlimani simu ni marufuku, maana mawimbi yake huvuruga vipimo, lakini fundi alijibanza nyuma ya darubini na kupiga.

"Mke wangu mtarajiwa, umekula?"

"Utafukuzwa kazi wewe."

"Si utanilisha?"

Kila alipopiga, mstari mwembamba uliruka kwenye vipimo. Msichana aliufuta kabla mkuu wake hajauona, huku akitabasamu peke yake. Alijua ni kosa kubwa. Alijua pia kwamba anapendwa, na hilo lilimtosha.

Fundi alipoahirisha posa kwa mara nyingine, msichana alinuna, akazima simu na kuchukua likizo ya wiki nzima. Aliporudi kazini na kufungua vipimo vya wiki hiyo, mistari ilikuwa imejaa kuliko zamani. Akawasha simu, akapiga.

"Ulikuwa unaongea na nani huko?"

"Na mama, mpenzi. Si unajua anaumwa?"

"Mama yako nimeshinda naye wodini wiki nzima. Kila siku ananiuliza mbona hupigi."



"Wewe ulikuwa umeninunia," fundi akasema. "Mwenzio alikuwa anapokea."

Maneno hayo yalimchoma msichana kuliko uongo wenyewe. Kesho yake alimpelekea mkuu wa kazi vipimo bila kufuta kitu.

"Darubini imeharibika?" mkuu aliuliza.

"Darubini ni nzima, mama. Ni simu ya fundi."

"Una hakika?"

"Miezi yote ile alikuwa ananipigia mimi, nami nikawa nafuta. Hizi za wiki hii si zangu."

Mkuu alivua miwani, akamsogezea kiti. Alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamwomba kitambulisho cha ofisi.