Sauti ya Filomena

Soko la Kingalu lilikuwa limefurika, na Eustace yuko kwenye banda la fundi redio anajaribu kinanda cha mtumba. Jamaa alikuwa na ugonjwa mmoja: akisikia mlio kwenye wimbo uliobamba, hali wala halali mpaka autengeneze mwenyewe. Siku hiyo alikuwa anatafuta mlio wa filimbi ya wimbo uliokuwa unapigwa kila kona ya mji.

"Kaka, hiyo siyo," mtu akasema nyuma yake. "Ile inalia kama imebanwa pua."

Akageuka. Mdada, gauni la kitenge cha njano, kapu la karoti mkononi.

"Haya, ilize wewe basi."

Mdada akailiza kwa mdomo palepale, wala aibu hana. Eustace akazungusha vitufe akiifuata sauti yake, huku, huku, mpaka zikalingana. Fundi akapiga makofi.

"Unaitwa nani, filimbi?"

"Filimbi mwenyewe! Naitwa Filomena."

Ndo ikawa hivyo. Filomena alikuwa anaimba kwaya. Akitoka mazoezini anapitia gheto la Eustace, Mafiga, godoro limesimamishwa ukutani kuua mwangwi. Yeye anaimba mlio, Eustace anamrekodi na kuutafuta kwenye kompyuta.

"Hivi kuna mlio utakushinda, baby?"

"Hakuna. Kila mlio una dawa yake."

Halafu Filomena akaota tezi. Shingo ikavimba, hospitali wakasema ikatwe. Akakatwa, akapona, ila sauti haikurudi. Ikabaki kama mtu anaburuza kiti sakafuni. Daktari akasema ndo basi tena. Kwaya akaacha mwenyewe, bila kuaga.

Eustace hakukubali. Akachukua vipande vyote alivyowahi kumrekodi, akavipanga kwenye kinanda, kila kitufe na sauti yake. Vilipokaa sawa akamwita, akabonyeza. Filomena wa zamani akaimba, chumba kizima.

"Nimekurudishia sauti yako, mpenzi."

Filomena alimwangalia sana.

"Kwa hiyo hii ninayoongelea ni ya nani?"

"Sio hivyo, Filo..."

"We unamtaka huyo. Kaa naye."

Akaenda zake Turiani kwa shangazi yake. Simu hapokei. Siku aliyopokea, Eustace hata salamu hakutoa.

"Filo, naleta mshenga."

"Aje amwombe nani? Mimi, au huyo wa kwenye kompyuta?"

Simu ikakatwa. Eustace akakaa kwenye kompyuta, akafuta. Akafuta kila kitu, mpaka zile rekodi za mwanzo kabisa. Asubuhi akapanda basi la Turiani.

Alimkuta uani anapepeta mchele, mtandio umefunika kovu.

"Nimemfuta," akasema hata hajakaribishwa kiti. "Sina hata kipande. Nakutaka wewe, na sauti yako hiyohiyo."

Ungo ukasimama.

"Vyote?"

"Vyote. Haki ya Mungu."

"Eustace, mi sikuwahi kujirekodi." Sauti ilikwaruza, ikakatika, ikarudi. "Nilikuwa najipa moyo, nikishaizoea hii nitakuja unisikilizishe ile ya zamani. Yule naye alikuwa mimi."

Eustace akachuchumaa kando ya ungo.

"Sina hasira na wewe," Filomena akasema. "Ila kila mara unaamua peke yako sauti yangu ipi ibaki."

Akamsindikiza mpaka barabarani, miwa huku na huku. Mkono hakumpa.

Jioni Eustace alipiga. Filomena akapokea. Wakasikilizana wanavyolia, mpaka salio likaisha.