Bei ya Shemeji

Cheptanui aliamka akiwa bado amechoka. Alimkamua ng'ombe wake mzee, akapata lita mbili tu. Aliwapikia Jepleting na wadogo zake chai, kisha akatoka kutazama shamba.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Majirani wote, pale karibu na Mau Narok, walikuwa wamepanda viazi. Shamba lake lilikuwa limelimwa, lakini halikuwa na mbegu.

"Leo Kemboi anakuja," alisema Kimaiyo, mume wake. Kimaiyo aliumia mgongo mwaka jana, na kazi nyingi zilimwangukia mkewe. "Tumuuzie dume, tununue mbegu."

Kemboi alikuwa ndugu mdogo wa Kimaiyo, na kazi yake ilikuwa ubroka wa ng'ombe, kuwanunua vijijini na kuwauza mjini. Alifika saa tatu, akanywa chai vikombe viwili, akaingia zizini. Alimshika dume mgongoni, akamfinya mbavu, akatikisa kichwa.

"Shemeji, huyu ni mifupa tu. Elfu thelathini na nane."

"Mbegu peke yake ni elfu hamsini na tano."

"Basi niongezee yule mtamba. Wote wawili, elfu themanini. Kesho nakuja na lori. Na ni kwa sababu ni wewe, mtu mwingine singempa hiyo."

Mtamba yule alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi sita. Akiuzwa, maziwa yangekwisha nyumbani, kwani ng'ombe mzee alikuwa karibu kukauka. Cheptanui alijua. Lakini kubishana bei na shemeji ni aibu. Kwa miaka minane alikuwa amemuuzia Kemboi bila kusema hapana hata mara moja.

"Sawa, shemeji," alisema.

Mchana alipita Nakhumicha, afisa wa mifugo wa wadi, akichanja ng'ombe. Watu humwita daktari.

"Mtamba usimchanje, daktari," Cheptanui alimwambia. "Kesho anaenda."

"Anaenda wapi na mimba?"

Cheptanui alimweleza.

"Na huyo dume ni kilo ngapi?" Nakhumicha aliuliza.

"Kilo? Sijui."

"Mama Jepleting, ukienda kununua sukari, mwenye duka anabeba mfuko mkononi anakwambia, hii inakaa kilo mbili?"

"Nitamrudishia huo mfuko kwa kichwa!"

"Na dume je?"

Nakhumicha alitoa utepe wa kukadiria uzito kwenye mkoba, akamzungushia dume kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Utepe ulionyesha kilo mia tatu na kumi. Kisha akampigia simu karani wa mnada wenye mizani. Wiki hiyo ng'ombe waliuzwa shilingi mia mbili na kumi kwa kilo.

"Ni elfu sitini na tano," alisema. "Toa usafiri na ushuru. Bado unanunua mbegu, na mtamba anabaki."

Kimaiyo alichangamka. "Basi nimpe chumvi na maji mengi, aongeze kilo!"

"Usifanye hivyo, mzee. Wanunuzi wanalijua tumbo la maji. Wakimkuta mmoja, wanapunguza bei ya ng'ombe wa kijiji kizima."

"Kemboi ni shemeji," alisema Cheptanui. "Nitamwambia nini?"

"Mwambie kilo. Heshima si bei. Mwaka jana watu hapa walilipwa nusu ya bei kwa madume, wakauza mitamba kujaza pengo. Sasa hesabu nyumba zinazokunywa chai ya rangi. Mitamba wakiisha, ndama hawazaliwi. Maziwa yanakosekana hapa, na nyama inapanda bei huko Nakuru. Mnunuzi wa nyama kule mtaa wa Section 58 analipa sana, na wewe hupati."

Kesho yake Kemboi alikuja na lori.

"Shemeji, dume ni kilo mia tatu na kumi," Cheptanui alisema. "Lipa mia mbili kwa kilo, umchukue. Hutaki, nampeleka mnadani. Mtamba hauzwi."

Kemboi alicheka. "Siku hizi umekuwa mwenye duka?"

"Nimekuwa mwenye ng'ombe."

Kemboi alipanda lori lake, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi Cheptanui na jirani yake Wangare walikodi pikapu moja, wakagawana nauli. Mizani ya mnada ilisema kilo mia tatu na nne. Mwenye bucha kutoka mjini alilipa bei ya siku hiyo. Cheptanui alirudi jioni na magunia ya mbegu, miguu imevimba. Jumatatu alipanda viazi kutwa nzima, na usiku hakuweza kunyoosha mgongo. Lakini mbegu ilikuwa ardhini.

Miezi mitatu baadaye mtamba alizaa ndama dume. Sasa Cheptanui alipata lita nane kwa siku. Watoto walikunywa, na Wangare alinunua zilizobaki kwa ajili ya wajukuu wake.

Asubuhi moja Kemboi alisimama mlangoni mwa zizi. Hakuwa amekuja tangu siku ile. Alimtazama ndama kwa muda.

"Shemeji, huyu akikua, utaniuzia?"

Cheptanui alikuwa anakamua. Hakuinua kichwa.

"Nitakuuzia, shemeji. Kwa kilo."